Rola Iliyoliwa Wiki ya Uchaguzi

Jumatatu, 25 Machi 1878

Nimepoteza rola. Imepotea kati ya jana baada ya ibada na leo kabla ya kifungua kinywa. Ndiyo rola pekee niliyokuwa nayo ya kupakia wino, na uchaguzi ni Jumanne ijayo.

Niandike ukweli, maana hapa hapasomwi na mtu. Haikuibwa. Imeliwa. Rola ya mtambo wa chapa hupikwa kwa gundi na molasi, ina utamu wake, na mimi mwenyewe niliitoa nje nikaiweka kwenye ngazi ya mlango wa nyuma ipoe, kwa kuwa jiko la ofisini lilikuwa linailegeza. Leo nimekuta mti wake wa katikati tu, umelambwa ukang'aa. Matopeni, kuzunguka ngazi, nyayo za kwato. Namjua mwenye kwato hizo. Ni Malkia, nguruwe jike wa Mama Mulqueen, mjane wa Mtaa wa Chini.

Mtu mwingine angeshtaki. Mimi siwezi. Mimi, Alpheus Trask, mhariri wa Mwenge, gazeti la hapa Pell's Ferry, nagombea uenyekiti wa mji kwa ahadi moja: nguruwe wa maskini waendelee kutembea huru barabarani. Nimeandika tahariri kumi na moja juu ya jambo hilo. Katika ile ya saba nilisema, tena kwa herufi nzito, kwamba nguruwe wa mji huu hajawahi kumtia hasara mtu mwema.

Mpinzani wangu ni Mzee Cornelius Haight, mhariri wa Kioo. Yeye anataka nguruwe wote wafungiwe ndani ya uzio. Akisikia habari hii ataichapa ukurasa wa mbele kwa herufi za ukubwa wa mlango.

Na bila rola hakuna wino. Bila wino hakuna tiketi. Hapa kwetu mtu haendi kupiga kura mikono mitupu. Anakwenda na tiketi iliyochapwa na upande wake, ina majina tayari, anaitumbukiza sandukuni, basi. Mgombea asiye na tiketi ni kama hajazaliwa. Nikishindwa, matangazo yote ya Baraza la mji, ambayo ndiyo yanayolipa, yataenda kwa Haight, na Mwenge, niliouwasha kwa kasha moja la herufi na mashati mawili bila kusaidiwa hata na mjomba, utazimika kabla ya mavuno.

Hesabu yangu: wapiga kura 171. Wangu 87. Wa Haight 84. Nimewahesabu mlango kwa mlango. Hesabu hii haina nafasi ya nguruwe kula kitu.

Nimemwambia Bi Keziah Doane, mpanga herufi wangu, kwamba tumeibiwa. Bi Keziah ana miaka hamsini na hajawahi kunisifu. Akainama, akatazama matope, akasema mwizi huyu ni mfupi, ana miguu minne, na bila shaka ni mfuasi wangu.

Nimemwomba afunge mdomo. Akasema mdomo wake haujawahi kuwa tatizo la ofisi hii.

Namshukuru Mungu kwamba herufi ni za risasi na risasi haina utamu.

Jumanne, 26 Machi

Nimeamua kupika rola mpya. Mtu aliyejitengeneza mwenyewe hashindwi kutengeneza rola.

Gundi nimepata kwa seremala. Molasi hakuna mji mzima. Barabara ni uji mtupu na meli za mtoni hazijaanza safari. Lakini nyuma ya mlango nina madumu matatu ya asali ya mepo, ile inayochemshwa kutokana na utomvu wa mti. Mkulima mmoja alinilipia gazeti kwa hiyo. Nikapiga hesabu: utamu ni utamu. Vipimo viwili vya gundi, vitatu vya asali.

Mke wangu Philena amenipa sufuria yake kubwa na jiko lake kwa asubuhi nzima. Hakuuliza. Harufu ilikuwa ya kwato na ya sikukuu kwa pamoja. Nikamimina kwenye bomba la bati, nikangoja, nikalivuta.

Iliyotoka si rola. Ni peremende. Ngumu, ina punje punje, urefu wa mkono. Nilipoisukuma juu ya meza ilikatika vipande vinne. Na iliyobaki kwenye sufuria imegandamana na sufuria. Ni kitu kimoja sasa.

Philena hakupaza sauti. Alisema tu kwamba sufuria ile alipewa na mama yake, pamoja na onyo kuhusu wanaume wa magazeti. Kisha akatukaangia chapati za maji kwa asali iliyosalia, na mimi akaniwekea tatu. Nina mke mwema kuliko nilivyostahili. Nitamnunulia sufuria nikiwa mwenyekiti.

Baada ya chakula nikakutana na jambo baya zaidi. Malkia mwenyewe, nyuma ya ghala la mbao. Pua nyeusi. Mashavu meusi. Ni wino wangu. Ushahidi unaotembea kwa miguu yake, tena huru, tena kwa juhudi zangu!

Nikarudi na ndoo, brashi na sabuni ya magadi. Mnyama yule ana nguvu za ng'ombe na adabu za diwani. Alinikokota kutoka ghala la mbao mpaka karibu na kwa kinyozi, mimi nimemshika sikio kwa mkono mmoja na kumsugua kwa mwingine. Wino wa chapa ni mafuta na masizi, hautoki kwa maji. Nani ajuaye hilo kuliko mimi? Nimefanikiwa kusafisha ncha ya pua peke yake. Sasa ana uso mweusi na ncha ya waridi. Inavutia macho zaidi kuliko mwanzo.

Lakini hakuna aliyeniona. Nilitazama kulia na kushoto.

Jumatano, 27 Machi

Gazeti hutoka kesho. Kabla babu zetu hawajajua rola walipaka wino kwa mipira ya ngozi iliyojazwa sufi. Nimekata buti langu la kushoto, nikashona mpira, nikaujaza manyoya ya mto. Nikachapa karatasi moja ya majaribio. Bi Keziah akaiinua dirishani, akaniuliza tunatangaza mgombea au msiba.

Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo, mguu mmoja una buti na mwingine una soksi, mlango ukabishwa.

Mzee Haight. Amebeba kitu kwapani, kimefungwa shuka, kama mtu anayeleta mtoto kubatizwa. Akavua kofia kwa Bi Keziah. Akasema amesikia nina shida ya rola. Akasema ana ya pili, imekaa tu, na anaona aibu kitu kikae tu wakati mwenzake amekwama. Akakumbusha kwamba katika kazi yetu tunatukana kwenye karatasi kadiri tunavyoweza, lakini gazeti la mtu halikosi siku yake. Mwaka wa mafuriko, akasema, mimi nilimpa karatasi. Nilikuwa nimesahau. Nilimpa zile zilizolowa.

Aliniomba radhi kwa kasoro yake: rola iligonga ukingo wa meza zamani, ina mkwaruzo, unaacha mstari mweupe mwembamba kama unywele kwenye kila ukurasa. Akasema nikizoea sitauona.

Hakutaka ahadi. Hakutaka risiti. Aliuliza jambo moja tu, kwa upole, akitazama dari: ile yangu ilipoteaje?

Nikasema wezi.

Akasema pole sana, ndugu Trask, wezi wa siku hizi hawabagui. Akavaa kofia akaondoka kwenye tope.

Sina aibu kuandika kwamba nilijifuta macho, na kwa kuwa nilijifuta kwa kitambaa cha wino, Philena aliponiona jioni alidhani nimepigana. Kuna watu wema duniani. Inauma kidogo kwamba mmoja wao ni Haight.

Kuna tatizo. Tahariri ya kesho imeshapangwa. Inamwita Haight chura wa kinamasi, mnafiki, baba wa uzio, na mengine sita. Jumla tisa. Bi Keziah aliniuliza kama tunaitoa. Nikafikiri sana. Kwa sababu ya shukrani nimeondoa matatu. Chura nimemwacha palepale, maana bila yeye nafasi ingebaki wazi na ukurasa ungepinda.

Alhamisi, 28 Machi

Mwenge umetoka kwa siku yake. Mstari mweupe unapita katikati ya kila ukurasa, unakata tangazo la dawa ya kikohozi, lakini ni gazeti, na linasomeka. Nimelipenda leo kuliko siku zote za miaka tisa.

Kioo nacho kimetoka. Kinaniita bata mzinga anayesubiri sikukuu ya watu wengine. Kistaarabu kwa kiasi chake. Cha kushangaza, hakuna neno juu ya rola. Kwa hiyo hajui. Siri imekaa.

Nimechapa pia tiketi zangu 120. Juu zimeandikwa Tiketi ya Nguruwe Huru, chini jina langu na wenzangu. Nzuri sana. Nimezihesabu mara mbili kwa raha tu.

Jumamosi, 30 Machi

Hesabu imebadilika. Nimepita Mtaa wa Chini, milango yote. Ndugu wawili Wajerumani wameanza kusitasita. Mzee mmoja amejenga uzio mwenyewe, akauona mzuri, naye anasitasita. Sasa ni 84 kwa 84 na hao watatu hawataki kusema. Nimewatazama usoni hao watatu. Wamenipa viti, wamenipa kahawa, wamenisifia kofia. Mtu atakayekupa kura hakusifii kofia.

Hapo ndipo nilipopata wazo.

Watu wa Haight hawasomi tiketi. Wanasoma kichwa cha juu tu, Tiketi ya Uzio, wanaikunja, wanatumbukiza. Je, ikiwa kichwa cha juu kinasema Tiketi ya Uzio, na ndani, pale penye jina la mwenyekiti, kuna jina langu? Themanini zingetosha. Kati ya themanini, sema robo wasiwe makini: ishirini. Ishirini zinatoka kwake zinakuja kwangu. Tofauti arobaini. Hata mtoto anaona.

Si uhalifu. Miji mingine wanafanya kila mwaka. Waungwana wanafanya.

Nikamweleza Bi Keziah, apange herufi. Akaweka chini alichoshika. Akauliza kama nakusudia kuchapa uongo dhidi ya Haight kwa rola ya Haight. Nikasema kukiacha kifaa cha watu kikae bure ndiko kukosa shukrani. Akasema fadhila ya punda ni mateke, na kwamba amefanya kazi kwa wahariri wanne, mmoja wao mlevi na mmoja wao mwendawazimu, na hakuna aliyemfanya, kama ninavyomfanya mimi, atamani kwenda kufua nguo za watu. Akachukua kofia yake.

Atarudi Jumatatu. Siku zote hurudi. Namshukuru kwa hilo, ingawa leo sikupata nafasi ya kumwambia.

Jumapili, 31 Machi

Nimemwambia Philena kichwa kinaniuma. Akaenda kanisani na mwavuli, akaniachia supu.

Nimepanga herufi mwenyewe, nimezichapa. Themanini kamili. Rola ya Haight inateleza kama siagi. Mtu yule anajua kutunza vitu. Nilipokuwa nakausha tiketi kengele za kanisa zikalia, na kwa dakika moja nilijisikia vibaya. Kisha nikanywa supu.

Jumatatu, 1 Aprili

Mama Mulqueen amekuja kuchukua fungu la tiketi za Mtaa wa Chini. Yeye hapigi kura, ni mwanamke, lakini ana wana wanne na wapangaji saba, na hakuna kati ya hao kumi na mmoja anayethubutu kula kabla ya kumuuliza. Ameniletea mkate wa magadi, bado wa moto.

Nikamuuliza, kwa kupita tu, hali ya Malkia. Akasema hajambo, tumbo lilimsumbua siku mbili, sasa ananyonyesha vizuri. Halafu akanishika mkono. Akasema mimi ni mtu wa watu, na kwamba hata kama kungekuwa na jambo, halipo, lakini hata kama lingekuwepo, Mtaa wa Chini ni kaburi.

Sikumwelewa. Nilimshukuru kwa mkate.

Zile themanini nimeziacha kwenye kaunta ya duka la nafaka, mahali wakulima wa Haight wanapookota zao. Mwenye duka alikuwa amegeuka. Bi Keziah amerudi kazini. Haongei.

Kesho nitakuwa mwenyekiti.

Jumanne, 2 Aprili

Niandike kwa utaratibu.

Sanduku la kura lilikuwa kwenye banda la pampu ya kuzimia moto. Saa tatu foleni imefika barabarani, Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini wamechanganyika, watu wanataniana. Mimi upande mmoja na kofia mpya, Haight upande wa pili na meza yake. Hewa nzuri. Tope kiasi.

Mkulima wa kwanza kutoka duka la nafaka alikuwa mtu mwangalifu kupita kiasi. Akampelekea Haight tiketi yake kumuuliza kama wino umekauka vya kutosha. Haight hakusoma hata jina. Alipitisha kidole gumba katikati ya karatasi, akainua kwenye mwanga, akaona mstari mweupe. Nilimwona anaona. Mtu akimkuta mwanawe kwenye nyumba ya jirani akiiba kuku hutazama vile.

Alinitazama. Nikatazama pampu.

Akaikunja ile tiketi akaitia mfukoni. Lakini vijana wa meza yake walishaelewa, na vijana hawana subira. Wakaanza kupaza sauti kwenye foleni: tiketi yenye mstari mweupe ni ya uongo, msiitumbukize!

Sasa niambieni, ilichapwa kwa rola gani ile tiketi yangu halali? Zile 120 za Nguruwe Huru zilikuwa na mstari gani?

Ule ule.

Watu wangu wa Mtaa wa Chini wakafungua mikunjo yao. Wakauona mstari. Mmoja akasema kumbe Trask ametuuza. Mwingine akasema hapana, Trask hana akili ya kutuuza, ameuzwa. Tiketi zikaanza kuanguka matopeni. Nilihesabu: tano, tisa, kumi na nne. Mwana mkubwa wa Mama Mulqueen akaenda mezani kwa Haight akachukua tiketi safi ya Uzio, kwa kuwa aliambiwa na mama yake apige kura na hakuambiwa arudi mikono mitupu.

Mimi nikarekebisha kofia. Kuna maneno ambayo yangeniokoa, lakini yote yalianza na "nilichapa".

Aliyeniokoa ni Haight. Alipanda juu ya kasha la misumari, mzee wa miaka sitini na saba, akashikilia bega la mkulima. Akasema kwa sauti kavu: tiketi ya Nguruwe Huru yenye mstari ni halali, itumbukizeni, mstari huo ni wa rola yangu, nilimwazima Trask. Tiketi ya Uzio yenye mstari, hiyo chaneni. Na asiulizwe mtu kitu, foleni iendelee.

Lakini mji huu haujawahi kuambiwa usiulize ukanyamaza. Kinyozi akauliza kwa nini Trask aliazimwa rola. Wote wakanigeukia.

Nikasema niliibiwa.

Kicheko kile sitakisahau. Kilianzia kwa kinyozi kikaenda mpaka mwisho wa foleni kikarudi. Watu wa Uzio na watu wa Nguruwe Huru, wameshikana mabega. Mama Mulqueen alikuwa pembeni na kikapu chake. Akasema, "Bwana Trask, mwanangu, pumzika sasa. Malkia alirudi nyumbani Jumatatu ile na mdomo mweusi ti kama bomba la jiko. Mtaa mzima tulijua kabla hujanywa chai."

Kinyozi akaongeza kwamba siku ile ya kumwogesha nguruwe, dirisha lake lilijaa watu mpaka akashindwa kunyoa. Walisimama kimya wasije wakanikatiza. Mwenye duka la nafaka alimbeba mkwewe aone.

Wote walijua. Siku nane. Hata Haight alijua alipokuja na shuka lake. Aliniuliza ile yangu ilipoteaje ili anipe nafasi ya kudanganya kwa heshima. Na hakuna aliyesema, si kwa sababu ya hofu, maana nani ananihofu, bali kwa sababu walinionea huruma. Hata watu wa Uzio. Nilipomuuliza Haight baadaye kwa nini hakuichapa, alisema ushindi wa kusaidiwa na nguruwe haunogi.

Matokeo: Haight 92. Trask 79.

Yaani kura saba tu zingehama ningepita kwa moja. Saba!

Jumatano, 3 Aprili

Nilikaa ofisini tangu asubuhi nikiwaza bei ya kuuza herufi kwa uzito. Bi Keziah alikuwa anafuta meza. Haongei bado, lakini aliniwekea kahawa.

Haight akaja kuchukua rola. Nilikuwa nimeiosha, nimeipaka mafuta, nimeifunga kwa shuka lake nililofuliwa na Philena. Akaikagua, akasema imerudi katika hali nzuri kuliko ilivyoondoka. Nikamwomba radhi. Ilinichukua muda kupata maneno, maana siyatumii mara kwa mara. Akasema hajui ninachozungumzia. Yeye jana aliona tiketi mbaya, hakuona aliyezichapa.

Kisha akaketi, na hapa sina budi kuandika polepole. Akasema Baraza limekutana. Matangazo ya mji yatagawanywa, nusu Kioo, nusu Mwenge, kuanzia wiki ijayo. Nikamuuliza kwa nini. Akakasirika kidogo. Akasema amenitukana kila Alhamisi kwa miaka tisa, ameshazoea, na mimi nikifunga yeye atamtukana nani? Mchungaji?

Mwenge hautazimika.

Halafu akasema kuna jambo la pili. Sheria ya uzio imepitishwa, inaanza kesho, na mji unahitaji Msimamizi wa Boma, mtu wa kukamata nguruwe wanaozurura na kuwaweka mpaka wenyewe waje. Ili Mtaa wa Chini wasiumie, mwenye nguruwe hatozwi kitu. Baraza ndilo litakalomlipa Msimamizi, senti ishirini na tano kwa nguruwe. Wamefikiri, akasema bila kucheka, kwamba hakuna mtu mjini mwenye uzoefu wa kumshika nguruwe sikio kuliko mimi.

Nikapokea. Philena alipoambiwa alilia kidogo, akasema amejua miaka yote kwamba watu wa hapa ni wema, isipokuwa nilikuwa naandika kinyume. Bi Keziah alisema hatimaye neno. Alisema sasa nimesaidiwa na kila kiumbe wa Pell's Ferry na itanibidi niishi hivyo hivyo.

Nimejaa shukrani. Natamka kwamba kuanzia leo mimi ni mtu mpya. Hila basi.

Alhamisi, 4 Aprili

Mwenge umetoka, kwa rola mpya iliyofika na gari la kwanza kutoka Milwaukee. Nimeandika shukrani kwa mji mzima, aya tatu, na Haight nimemwita chura mwungwana.

Nimefanya kazi yangu ya kwanza ya Boma. Nguruwe wanne kabla ya saa nne. Nilipomrudisha Malkia kwa Mama Mulqueen nikapita nikihesabu akilini. Mji una nguruwe arobaini na mmoja. Akikamatwa kila mmoja mara moja, sheria inafanya kazi siku moja halafu inalala, kwa kuwa wote watakuwa ndani. Nguruwe aliye ndani ya uzio hana faida kwa mtu yeyote. Nguruwe asiye huru hakamatiki. Nilikuwa sahihi tangu tahariri ya kwanza. Nilikosa tu kujua sababu.

Nikamweleza Mama Mulqueen. Akaniuliza kama nina homa. Kisha akauliza mgawo wa zile senti ungekuwa ngapi kwa ngapi.

Nimempelekea Mwenyekiti maneno haya, na ninayanakili hapa ili yasije yakakanwa:

Mheshimiwa Mwenyekiti Haight. Kwa shukrani zile zile za jana, ambazo hazijapungua, nauliza swali moja. Nguruwe yule yule akikamatwa asubuhi, akarudishwa kwao, akaonekana tena barabarani alasiri kwa sababu ambazo Msimamizi hahusiki nazo, akakamatwa tena, Baraza linalipa mara mbili? Sitaki kuambiwa mtalitazama. Sitaki hotuba. Ndiyo au hapana, kwa maandishi, kabla ya saa sita mchana Jumamosi, maana Mama Mulqueen ameshika komeo la lango na hawezi kusimama hapo wiki nzima.